Mstari wa −2: Je, rula moja yatosha kwa watoto wote?

Kwenye kliniki za watoto za Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, urefu wa mtoto hauishii kwenye sentimita. Unageuzwa kuwa z-skoo, na z-skoo hiyo ikishuka chini ya −2, mtoto anahesabiwa kuwa amedumaa. Ikishuka chini ya −3, amedumaa sana. Kwa mstari huohuo nchi nzima hujipima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 wako chini ya mstari. Kenya, mwaka huohuo, ilipata asilimia 18. Mipango ya lishe hupangwa kwa namba hizo.

Chuoni, mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza hukutana na z-skoo hiyohiyo kama fomula ya kukariri, anaijibia mtihani, kisha anaisahau. Naamini hasara ya kuisahau ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa wanaoisoma vibaya huishia kumhukumu mtoto vibaya na kuihurumia jamii nusunusu. Ndiyo maana nimeweka mezani hoja hii: "Mstari mmoja wa −2 ni kipimo cha haki kwa kila mtoto." Wanaojadili ni wanne: mwalimu wa takwimu, muuguzi wa kliniki ya watoto, binti anayesoma takwimu mwaka wa kwanza, na baba mwenye mtoto mdogo. Sauti zao nimezitunga mimi. Takwimu wanazozitaja ni za kweli, na mifano ya watoto ni ya kukokotolea hesabu.

MWALIMU: Nianze kwa kuitetea hoja. Tuchukue mtoto wa kike wa miezi 24, amepimwa akiwa amelala, akapatikana na sentimita 78.4. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinasema wastani wa wasichana wa umri huo ni sentimita 86.4, na mkengeuko sanifu ni kama sentimita 3.2. Toa 86.4 kwenye 78.4, utapata −8. Gawa kwa 3.2, utapata −2.5. Hiyo ndiyo z-skoo: mtoto huyu yuko mikengeuko miwili na nusu chini ya wastani wa wenzake.

MWANAFUNZI: Mwalimu, kutoa naelewa. Kugawa ndiko kunakonitatiza. Kwa nini tusiseme tu kwamba amepungukiwa na sentimita 8?

MWALIMU: Kwa sababu sentimita 8 za mtoto mchanga si sawa na sentimita 8 za mtoto wa miaka mitano. Mkengeuko sanifu unatueleza jinsi watoto wazima wa afya wanavyopishana wao kwa wao. Wasichana wanapozaliwa hupishana kidogo, mkengeuko wao ni kama sentimita 1.9. Wakifika miaka mitano wamekwishatawanyika, umefika kama sentimita 4.8. Kwa hiyo mchanga aliyepungukiwa na sentimita 5 yuko chini ya −2.5, na hapo tuna sababu ya kushtuka. Wa miaka mitano aliyepungukiwa na sentimita 5 hizohizo yuko karibu na −1, mahali palipojaa watoto wasio na tatizo lolote. Ukigawa, umri tofauti unaweza kulinganishwa, mvulana na msichana wanaweza kulinganishwa, hata urefu na uzito.

MWANAFUNZI: Na hiyo −2 yenyewe? Nani aliikata hapo?

MWALIMU: Watu waliikata, ila waliongozwa na umbo la kengele. Mwaka 1733 Abraham de Moivre, mkimbizi wa Kifaransa aliyeishi London, alionyesha kwamba ukirusha sarafu mara nyingi, idadi za vichwa hujikusanya katikati na kupungua pande zote mbili kwa umbo hilo. Sababu ni kwamba jumla ya mambo mengi madogo, kila moja likivuta upande wake, ni nadra kuelekea upande mmoja tu. Urefu wa mtu ni jumla ya aina hiyo: vinasaba vingi sana, chakula, usingizi, magonjwa aliyoyapata na aliyoyakwepa. Ndiyo maana urefu wa watoto wa umri mmoja na jinsia moja hufuata kengele kwa karibu sana. Kwenye kengele hiyo, kama asilimia 68 wako kati ya −1 na +1, kama asilimia 95 wako kati ya −2 na +2, na karibu wote, asilimia 99.7, wako kati ya −3 na +3. Chini ya −2 wanabaki asilimia 2.3 tu.

MUUGUZI: Hapohapo, Mwalimu. Asilimia 2.3 ni watoto 23 katika kila 1,000. Hao ni watoto wenye afya, wameshiba, hawaharishi, ila Mungu amewaumba wadogo. Na mimi nikifuata mstari wako nitamwambia kila mama wa watoto hao 23 kwamba mwanawe amedumaa. Umewahi kuuona uso wa mama akiambiwa neno hilo mbele ya foleni?

MWALIMU: Unasema kweli, Sista. Mstari hauna ukuta. Asili haikuweka kitu chochote kwenye −2. Mtoto wa −1.9 na mtoto wa −2.1 ni kama pacha kiafya. Tuliuweka mstari ili tuwe na mahali pa kuanzia kuuliza.

MZAZI: Mimi nina neno zito kuliko la Sista. Mwalimu, umesema "wenzake". Wenzake akina nani? Mimi mfupi, mke wangu mfupi, baba yangu alikuwa mfupi na alilima mpaka uzeeni bila kuugua. Mtoto wangu akipimwa na watoto wa Ulaya, hata ale nini, ataonekana amepungua. Hiyo haki iko wapi?

MWALIMU: Swali hilo ndilo roho ya z-skoo, Baba, na nashukuru umelileta mapema. Z-skoo haina maana mpaka ujue kundi linalolinganishwa. Zamani ungekuwa na haki kabisa ya kulalamika. Chati zilizotumika duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 zilitokana na watoto wa Marekani. Sehemu ya wachanga ilijengwa kwa vipimo vya jamii moja ya Ohio, watoto wengi wakiwa wazungu waliolelewa kwa maziwa ya chupa. Chati hizo zilieleza jinsi watoto wale walivyokua. Hazikuweza kusema jinsi mtoto anavyopaswa kukua.

Basi kati ya 1997 na 2003 ukafanyika utafiti mpya katika miji sita: Pelotas Brazili, Accra Ghana, Delhi India, Oslo Norwe, Maskati Oman, na Davis California. Walipimwa watoto kama 8,400. Hawakuokotwa tu. Walitakiwa watoto ambao mazingira hayakuwazuia kukua: wananyonyeshwa, mama havuti sigara, familia haina dhiki ya kuzuia makuzi, wanapata huduma za afya. Viwango vikatangazwa Aprili 2006, na ndivyo tunavyotumia.

MUUGUZI: Na tofauti kati ya miji hiyo ilikuwaje?

MWALIMU: Hapo ndipo penye jibu la Baba. Walipochambua tofauti zote za urefu, kuishi mji huu au ule kulieleza kama asilimia 3 tu. Tofauti kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji mmoja zilieleza kama asilimia 70. Yaani wastani wa watoto wa Accra na wastani wa watoto wa Oslo, wakilelewa vizuri, kwa kawaida hutofautiana kidogo kuliko watoto wawili wa mtaa mmoja wa Oslo.

MZAZI: Maskati nina ndugu, na Accra ni Afrika, sikatai. Lakini sijasikia Dodoma, sijasikia Kisumu, sijasikia Bujumbura. Mji mmoja wa Afrika nzima kusini mwa Sahara!

MUUGUZI: Namuunga mkono. Tena hata wenzetu wa huko juu hawakai sawasawa kwenye chati hii. Watafiti wa Norwe na Ubelgiji waliwalinganisha watoto wao na viwango hivi, wakakuta walio chini ya −2 kwa urefu ni wachache kuliko inavyotarajiwa. Kwa hiyo si kweli kwamba kengele moja inamkaa kila mtu barabara.

MWALIMU: Haimkai kila mtu barabara, nakubali. Swali ni kama kasoro hiyo ni kubwa kiasi cha kutuhalalishia kila jamii iwe na chati yake. Mimi naogopa hilo. Mfanyabiashara mwenye pishi yake kwa kila mteja hatakosa wa kumpunja. Tukichora chati ya "watoto wa kwetu" kwa kupima watoto wa kwetu kama walivyo leo, njaa itaingia ndani ya wastani, na mtoto aliyenyimwa ataonekana yuko sifuri. Tutakuwa tumeuficha upungufu kwa kuuita asili.

MZAZI: Lakini ukoo upo! Huwezi kuniambia urefu haurithiwi.

MWALIMU: Unarithiwa, Baba. Ile asilimia 70 ya tofauti kati ya mtoto na mtoto, sehemu yake kubwa imo humo. Mtoto wa wazazi wafupi anaweza kukaa −1.5 maisha yake yote akiwa mzima kabisa. Ninachokataa ni kuhama kutoka ukoo hadi taifa. Katikati ya karne ya 19 vijana wa Uholanzi walioitwa jeshini walikuwa miongoni mwa wafupi wa Ulaya. Leo Waholanzi ni miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani. Vinasaba vya taifa havibadiliki kiasi hicho kwa vizazi sita. Maji, maziwa, dawa na mishahara ndivyo vilivyobadilika.

MUUGUZI: Na hata ukoo wenyewe, Baba, usiuamini upesi. Msichana aliyedumaa utotoni hukua akawa mama mfupi, na mama mfupi yuko kwenye hatari zaidi ya kuzaa mtoto mdogo. Ukiangalia kutoka nje utasema ni damu. Kumbe ni njaa ya bibi inayomfikia mjukuu. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kulea kunaanza kabla mama hajazaliwa.

MZAZI: Hilo limenigusa. Sijashindwa, lakini limenigusa.

MWANAFUNZI: Mimi nimekwama mahali pengine. Mwalimu umesema urefu unafuata kengele. Je, kila kitu kinafuata? Maana darasani tunachomeka namba yoyote kwenye fomula.

MWALIMU: Hapana, na darasa lolote linaloruka swali hilo limewadhulumu. Sista, tupe uzito.

MUUGUZI: Mvulana wa miezi 24, kwenye chati, katikati yupo wa kilo 12.2. Mstari wa −2 uko kilo 9.7. Mstari wa +2 uko kilo 15.3.

MWANAFUNZI: Kutoka katikati kushuka ni kilo 2.5, kupanda ni 3.1. Pande hazilingani!

MWALIMU: Ndiyo. Uzito una mkia mrefu juu. Mtoto anaweza kunenepa mno, lakini hawezi kukonda bila kikomo akabaki hai. Ukitumia ile fomula ya kutoa na kugawa moja kwa moja kwenye uzito, utakosea pande zote mbili. Kwa hiyo waliotengeneza viwango waliubadilisha kwanza uzito kihesabu, kiasi cha kubadilisha kikitegemea umri, mpaka ukalingana pande zote. Ndipo wakapata z-skoo. Yale majedwali na programu za kompyuta zimekwishaifanya kazi hiyo ndani kwa ndani. Urefu haukuhitaji marekebisho hayo, ndiyo maana mfano wangu wa mwanzo ulikwenda kwa mstari mmoja. Binti, ukipewa data yoyote, ya mishahara, ya bei, ya siku za kulazwa hospitali, chora kwanza uone umbo lake. Z-skoo unaweza kuikokotoa kwa data yoyote. Zile asilimia 68 na 95 ni za wenye umbo la kengele tu.

MZAZI: Turudi kwa mtoto mmoja. Sista amesema watoto 23 wazima katika 1,000 wako chini ya mstari. Wangu akiwa chini, nitajuaje kama ni wa hao 23?

MWANAFUNZI: Naomba nijaribu, Mzee wangu. Inategemea uko wapi. Tuseme tuko kwenye jamii ambayo watoto wote wamelelewa vizuri. Walio chini ya −2 ni hao 23 tu, kwa hiyo mtoto wa −2.1 pale yaelekea ni mdogo kwa maumbile. Sasa twende Iringa. Utafiti ule wa 2022 ulikuta kama asilimia 57 ya watoto wako chini ya mstari, mkoa wa kwanza kitaifa. Katika kila 1,000 ni watoto 570. Udogo wa maumbile peke yake ungeeleza kama 23. Waliobaki wameteremshwa na kitu kingine.

MWALIMU: Vizuri sana! Namba ni ileile −2.1, lakini maana yake inabadilika kwa kuangalia mtoto amekulia wapi. Kitabu cha utangulizi mara nyingi hakilisemi hilo.

MUUGUZI: Na Iringa inalima mahindi mpaka inauza nje ya mkoa. Mtu akidhani udumavu ni upungufu wa unga tu, ajiulize kuhusu mkoa huo. Mtoto anahitaji yai, dagaa, maharage, mboga, maji safi, na mama mwenye nafasi ya kumlisha mara kwa mara wakati kazi za shamba zinamsubiri.

Lakini ngoja nimjibu Baba kwa njia ya kliniki. Mimi sitazami nukta, natazama njia. Mtoto aliyekaa −2.1 akiwa na miezi 6, −2.0 miezi 12, −2.1 miezi 18, anacheza, anakula, haugui: huyo anatembea kwenye mstari wake. Anayenitisha ni mwingine. Msichana wa miezi 6 ana sentimita 68.0, yaani +1, kila mtu anamsifu. Anarudi na miezi 12 ana sentimita 71.4, yaani −1. Hajagusa mstari mwekundu. Kwa ripoti yenu hana tatizo. Lakini mtoto wa katikati huongezeka sentimita 8.3 katika miezi hiyo sita, na huyu ameongezeka 3.4 tu. Kuna jambo limempata, na nikisubiri afike −2 nitakuwa nimechelewa.

MWALIMU: Nakubali bila masharti. Kwa mtoto mmoja, mabadiliko ya z-skoo yana habari nyingi kuliko z-skoo yenyewe.

MUUGUZI: Basi nikuongezee jingine msilolipenda nyie wa mahesabu. Zile 78.4 zako za mwanzo, nani alizipima? Mtoto alikuwa analia, anarusha miguu, mmoja amemshika kichwa na mwingine goti. Nywele zilisukwa, ubao ukakaa juu ya mabutu. Kuna kupima amelala na kuna kupima amesimama: chati inahesabu tofauti ya sentimita 0.7 kati ya hizo mbili, na kwa umri huo ni kama 0.2 ya z-skoo imekwenda. Halafu umri. Mama anasema alizaliwa wakati wa mavuno, kadi imepotea. Nikiandika miezi 24, mtoto wa 78.4 yuko −2.5. Kumbe ana miezi 21. Kwa umri huo wastani ni 83.7 na mkengeuko kama 3.1.

MWANAFUNZI: Anakuwa −1.7. Amevuka mstari bila kukua hata kidogo!

MZAZI: Kwa hiyo kalenda peke yake inaweza kumdumaza mtoto au kumponya.

MUUGUZI: Kwenye karatasi, ndiyo. Ndiyo maana naomba mizani nzuri, ubao mzuri na watu wawili wa kupima kabla ya kuomba semina nyingine.

MWALIMU: Sasa niruhusuni nipeleke jambo hili mbele, kwa kuwa naona Sista anadhani nitaumia. Makosa hayo ya kupima, kama hayaelemei upande mmoja, kwa mtoto mmoja yanaweza kwenda juu au chini. Kwa kundi zima yanafanya kitu kimoja: yanaipanua kengele. Binti, chukua jamii ambayo wastani wa z-skoo ni −1.5 na upana wake, yaani mkengeuko sanifu wa z-skoo hizo, ni 1. Wangapi wako chini ya −3?

MWANAFUNZI: Kutoka −1.5 mpaka −3 ni mkengeuko 1.5. Jedwali linasema asilimia 6.7.

MWALIMU: Sasa upimaji mbovu uupanue mpaka 1.3.

MWANAFUNZI: 1.5 gawa kwa 1.3 ni kama 1.15. Asilimia 12.4 hivi. Mwalimu, waliodumaa sana wamekaribia kuwa mara mbili, na hakuna mtoto aliyebadilika!

MWALIMU: Kwa hiyo ripoti ya wilaya inayotaja asilimia iliyo chini ya mstari bila kutaja upana wa kengele yake imetuachia pengo. Wilaya mbili zinaweza kuwa na watoto sawa kabisa, moja ikaonekana mbaya zaidi kwa sababu ya ubao uliopinda.

MUUGUZI: Na mimi nina langu kuhusu ripoti hizo. Mkutano ukisikia asilimia 30 wamedumaa, swali la kwanza ni: hao 30 wako wapi, tuwape uji? Asilimia 70 wanaachwa kama watu waliookoka.

MWANAFUNZI: Hilo nadhani kengele inaweza kulijibu. Kama asilimia 30 wako chini ya −2 na upana ni karibu 1, jedwali linasema asilimia 30 ya kengele hukaa chini ya alama iliyo 0.52 kushoto kwa kitovu. Basi kitovu kiko 0.52 kulia kwa −2, yaani karibu −1.5. Mtoto wa katikati kabisa yuko −1.5! Msichana wa katikati wa miezi 24 ana kama sentimita 81.6, si 86.4. Na kwa asilimia 57 kitovu chenyewe kimekwishavuka mstari, kiko kama −2.2.

MWALIMU: Umefika mahali nilipotaka tufike. Kengele nzima imesukumwa kushoto. Haikukatika vipande viwili, wagonjwa huku na wazima kule. Mtoto aliye −0.5 leo, ambaye hakuna atakayemtaja mkutanini, pengine angekuwa wa +1 kama si maji machafu na minyoo. Mstari unatuonyesha ukingo wa hasara. Hasara yenyewe imewagusa karibu wote.

MZAZI: Basi kama ni hivyo, Mwalimu, hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote mlizoniambia. Wangu akiwa mfupi peke yake, nitasema ni damu. Lakini kijiji kizima kikihama kuelekea upande mmoja, siwezi kusema kila ukoo umerithi kitu kimoja.

MUUGUZI: Na dawa yake si uji kwa 30 tu. Ni kisima cha wote, choo cha kila nyumba, kliniki ya kila mjamzito.

MZAZI: Ombi langu moja tu, Sista. Usimwite mwanangu mdumavu mbele ya watu. Niambie yuko wapi, alikuwa wapi, na nifanye nini mpaka siku ya kurudi.

MUUGUZI: Ombi lako ni haki, Baba. Tena ndivyo tunavyopaswa kusema siku zote.

Mjadala unaishia hapo, na sasa nisimame upande wangu. Hoja naiunga mkono, lakini si kama ilivyoandikwa. Mstari mmoja ni wa haki kwa jamii kuliko ulivyo kwa mtoto mmoja. Kwa jamii, kipimo kimoja kinatuzuia kuzoea upungufu. Bila hicho tungemwita mtoto aliyenyimwa kwa jina la kabila lake, tukalala usingizi. Kasoro za kipimo hicho, zile za Norwe na Ubelgiji zikiwemo, ni ndogo mbele ya kengele iliyosogea mkengeuko mmoja na nusu. Kwa mtoto mmoja, mstari ni swali. Jibu linatokana na vipimo vinavyofuatana, hali ya nyumbani kwake, na macho ya muuguzi.

Kwa walimu wa takwimu, naona tufundishe z-skoo kwa maswali manne kabla ya fomula: unalinganisha na kundi gani, kundi hilo lina umbo gani, kipimo kilichukuliwaje, na je, unasema juu ya mmoja au juu ya wote? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu hayo kwa kadi ya kliniki ya mdogo wake ameuelewa mgawanyo wa kawaida, yaani ile kengele. Aliyekariri kutoa na kugawa bado hajaanza.

Kwa wanaoandika ripoti za lishe, kila penye asilimia iliyo chini ya −2 pawepo pia wastani wa z-skoo na upana wake. Ni namba mbili tu za ziada, na kompyuta iliyokokotoa ya kwanza inazo tayari. Ya wastani itawaambia madiwani kwamba tatizo si la watoto wachache wa kutafutwa nyumba kwa nyumba. Ya upana itawaambia kama vipimo vinaaminika. Na kwa kila mzazi anayeambiwa namba kliniki, iandikwe pamoja na ya mwezi uliopita na tarehe ya kipimo kijacho, ili aondoke akijua mwanawe anaelekea wapi na siku gani wataangalia tena.